Daktari Asiyeonekana: Safari ya Bingwa wa Maabara na Mwaka Wake wa Mwisho



Ndugu wasomaji, katika jamii yetu hapa Marekani hakuna habari inayopokewa kwa furaha kama ile ya kijana wetu kukubaliwa katika chuo cha udaktari. Hupikwa pilau, husomwa dua, na simu hupigwa mpaka Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Lakini miaka ikishapita, kijana huyo huyo akisema kwamba amechagua ubingwa wa patholojia, yaani elimu ya kuyatambua maradhi kwa njia ya maabara, furaha ile hupoa ghafla. "Udaktari wa maiti?" mama huuliza. Baba naye hutaka kujua kwa nini mwanawe asiwe daktari wa moyo au wa watoto kama wenzake. Na pale kijana anapoongeza kwamba baada ya miaka minne ya ubingwa bado atahitaji mwaka mmoja zaidi, na pengine miwili, wa mafunzo yaitwayo feloshipu, subira ya wazee humalizika kabisa.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wazee hao, na kwa ajili ya vijana ambao bado hawajapata maneno ya kuwaeleza. Nia yake ni kuonesha kazi yenyewe ni ipi, kwa nini mafunzo yake ni marefu, na kwa nini mwaka ule wa mwisho, unaoonekana kama nyongeza isiyo na maana, ndio ambao familia haifai kuukata.

KAZI YAKE NI IPI

Tuchukue mfano wa mama wa makamo anayehisi uvimbe katika titi lake. Huenda kwa daktari, hupigwa picha, na kipande kidogo cha nyama hutolewa kwa sindano. Kwa upande wa mama, kazi imekwisha. Hurudi nyumbani kusubiri majibu. Kwa upande wa kipande kile, safari ndiyo kwanza inaanza. Hutiwa katika dawa ya formalini ili kisioze, huondolewa maji yake, kisha huzamishwa katika nta iliyoyeyushwa na kuachwa kigande. Baada ya hapo hukatwa vipande vyembamba mno, wembamba wa sehemu chache tu za elfu moja za milimita. Vipande hivyo hubandikwa juu ya kioo, hutiwa rangi za zambarau na waridi, ndipo huwekwa chini ya hadubini.

Anayeketi mbele ya hadubini hiyo ni daktari wa patholojia. Yeye ndiye anayesema kama uvimbe ule ni saratani au si saratani, na kama ni saratani, ni ya aina gani na ina ukali kiasi gani. Yeye ndiye anayetafuta zile alama ndani ya seli zinazoonesha dawa gani itafaa na ipi haitafaa. Daktari wa upasuaji na daktari wa dawa za saratani, ambao mama huwajua kwa sura na kwa majina, wote wawili huingoja karatasi yenye saini ya mtu ambaye mama huenda asimwone maisha yake yote.

Wakati mwingine jawabu hutakiwa papo hapo. Mgonjwa amelazwa juu ya meza ya upasuaji, amepewa dawa ya usingizi, na mpasuaji hajui kama amekiondoa kidonda chote au kimebaki. Kipande hupelekwa maabara mbio, hugandishwa kwa baridi kali, hukatwa na kutiwa rangi, na daktari wa patholojia hutoa uamuzi wake kwa muda wa dakika ishirini au karibu na hapo. Kwa neno lake, mpasuaji ama hufunga jeraha, ama huendelea kukata.

Hilo ni tawi moja la elimu hii, linaloshughulika na viungo na nyama ya mwili. Tawi la pili ni lile la maabara yenyewe: vipimo vya damu, sukari, figo na ini, uoteshaji wa vijidudu ili kujua vinaogopa dawa gani, na benki ya damu. Uchunguzi wa maiti upo pia, nao una faida zake, lakini ni sehemu ndogo ya kazi za wengi wao. Kwa hiyo lile jina la "udaktari wa maiti" halina haki. Takriban kila anayehudumiwa na bingwa huyu yu hai, na anataka kuendelea kuwa hai.

JINA LA MARADHI NI NUSU YA DAWA

Katika Afrika yetu ya Mashariki umo mfano mmoja mkubwa unaoonesha thamani ya kazi hii, nao unajulikana dunia nzima.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aitwaye Denis Burkitt aliona watoto waliovimba mataya kwa namna asiyowahi kuiona. Mwaka 1958 aliandika habari zao katika jarida la wapasuaji la Uingereza, akiuita ugonjwa ule sakoma, yaani saratani ya nyama na mifupa. Burkitt alikuwa mwangalifu na mchapakazi, lakini hakuwa mtu wa hadubini. Wataalamu wa patholojia waliokuwa pale Mulago, akiwemo Mmarekani Gregory O'Conor, walivichunguza vipande vya uvimbe ule wakaona kwamba haikuwa sakoma. Ilikuwa limfoma, saratani inayotokana na chembe nyeupe za kinga ya mwili.

Msomaji anaweza kuuliza, je, kubadilisha jina kunamsaidia nini mtoto anayeumwa? Kunamsaidia sana. Uvimbe wa aina ya kwanza hutegemea kisu kwa kiasi kikubwa. Limfoma ile ikaonekana inasikia dawa. Burkitt mwenyewe aliwatibu watoto kwa dawa za saratani, na baadhi yao walipona, katika zama ambazo saratani zilizoponeka kwa dawa peke yake zilikuwa chache mno.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo bingwa wa patholojia aitwaye Anthony Epstein. Epstein alishuku kwamba nyuma ya uvimbe ule kulikuwa na virusi, akaanza kuletewa vipande kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963, ndege moja iliyobeba kipande ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwingine angeyamwaga, akiamini yameingiliwa na bakteria. Epstein aliyatia chini ya hadubini kwanza, akaona seli za uvimbe zikielea humo, nazo zi hai. Kutokana na seli za namna hiyo, yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong walivipata virusi walivyovitangaza mwaka 1964, ambavyo hadi leo huitwa virusi vya Epstein-Barr. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na saratani ya binadamu.

Ndugu wasomaji, ukiona vyaelea, vimeundwa. Jicho lililojua kutazama kabla ya kutupa halikupatikana kwa siku moja, na ndilo jicho ambalo mafunzo haya marefu hukusudia kulijenga.

NGAZI NA MIAKA YAKE

Hapa Marekani kijana hupitia ngazi hizi. Kwanza ni shahada ya chuo kikuu, kwa kawaida miaka minne. Pili ni chuo cha udaktari, miaka minne mingine. Tatu ni rezidensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, ambapo daktari huyu hufanya kazi na kulipwa huku akisimamiwa. Anayetaka matawi yote mawili niliyoyataja husoma miaka minne; anayetaka tawi moja tu husoma mitatu. Baada ya hapo hufanya mtihani wa Bodi ya Patholojia ya Marekani, chombo kilichoundwa mwaka 1936 ili kuwapima madaktari wa fani hii.

Ngazi ya nne ndiyo feloshipu, ambayo kule nyumbani sasa tungeiita ubingwa bobezi. Nyingi huchukua mwaka mmoja. Ile ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu huchukua miwili. Ukijumlisha, kijana aliyemaliza sekondari akiwa na miaka 18 hafiki mwisho wa safari kabla ya miaka 31, hata kama hakupumzika mwaka wowote njiani.

Kisheria, aliyemaliza rezidensi na kufaulu mitihani yake anaweza kuanza kazi bila ya feloshipu. Lakini walio wengi siku hizi huifanya, na wengine hufanya mbili, kwa kuwa hospitali na maabara nyingi humtaka mtu mwenye ujuzi wa ziada katika jambo fulani. Nafasi ni chache katika vituo vinavyosifika, kwa hiyo daktari hulazimika kuomba mapema, mara nyingi zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuanza. Mzazi akimwona mwanawe, angali katikati ya rezidensi, anaandika barua za maombi na kusafiri kwa usaili, asidhani kwamba ana pupa. Ndivyo utaratibu ulivyo.

MWAKA HUO UNAFUNDISHA NINI

Katika rezidensi daktari hujifunza mambo mengi, kila moja kwa kiasi chake. Katika feloshipu hukaa juu ya jambo moja mpaka alizoee kama fundi anavyozoea mbao zake. Aliyechagua magonjwa ya damu, kwa mfano, ataona kwa mwaka mmoja uboho wa mifupa, tezi na damu za wagonjwa wengi, yakiwemo maradhi nadra ambayo hospitali ndogo huenda isiyaone kwa miaka kadhaa.

Asubuhi huletewa vioo vya siku hiyo. Huvitazama peke yake kwanza na kuandika rai yake. Kisha huketi na mwalimu wake kwenye hadubini iliyotengenezwa ili watu wawili au zaidi watazame kioo kimoja kwa pamoja, nao hupima rai ile. Ikiwa amekosea, huoneshwa pale alipopotoka. Ikiwa amesibu, huulizwa kwa nini, kwani kupatia kwa bahati si elimu. Mchana huhudhuria baraza la madaktari wa fani mbalimbali wanaojadili wagonjwa wa saratani mmoja mmoja, naye huonesha vioo na kujibu maswali. Huwafundisha walio chini yake, na zamu yake ikifika huitwa hata usiku. Kidogo kidogo huachiwa uzito wa uamuzi, hata siku ile atakapotia saini peke yake, bila ya mwalimu ubavuni, mkono wake usitetemeke.

Matawi ya kuchagua ni mengi. Wapo wanaobobea katika seli moja moja, kama zile za kipimo cha mlango wa kizazi, katika ngozi, katika maradhi ya watoto, katika vijidudu, katika chembe za urithi, na katika vifo vya ghafla au vya kutiliwa mashaka, wanaofanya kazi na vyombo vya sheria. Liko pia tawi la patholojia ya upasuaji, ambalo bodi haitoi cheti chake maalumu, lakini waajiri wengi wanalithamini.

Tawi moja linatugusa sisi kwa namna ya pekee, nalo ni la benki ya damu na uongezaji wa damu. Katika familia zetu wamo watoto wenye ugonjwa wa selimundu, na baadhi yao huhitaji kuongezwa damu mara kwa mara. Kwa watu hawa kulinganisha kundi la A, B au O pekee hakutoshi. Ziko alama nyingine ndogo juu ya chembe za damu, na zisipolingana, mwili wa mgonjwa hujenga kinga inayoikataa damu ya baadaye. Damu inayolingana vizuri hupatikana kwa urahisi zaidi kutoka kwa wachangiaji wenye asili ya Afrika. Bingwa wa tawi hili ndiye anayesimamia ulinganishaji huo. Na sisi ambao hatukusoma udaktari tunayo sehemu yetu, nayo ni kwenda kuchangia damu.

MZIGO WA FAMILIA

Sasa tuseme kweli juu ya gharama, maana bila ya hilo nasaha hugeuka maneno matupu. Mwaka wa feloshipu hulipwa mshahara wa mwanafunzi wa ubingwa, ambao ni sehemu ndogo tu ya anachopata daktari aliyekwisha kuhitimu. Kwa kijana mwenye deni la masomo, riba huendelea kuongezeka wakati huo wote, na kwa Mwislamu riba ni mzigo wa mfuko na wa dhamira pia. Kule nyumbani wapo wadogo zake wanaosubiri ada, na paa la nyumba ya bibi linalosubiri mabati. Na kwa binti zetu liko neno lingine, kwamba umri unakwenda na wachumba hawangoji.

Haya yote ni mambo ya haki, wala si ya kubezwa. Dawa yake ni kuyapanga mapema. Familia ikae na kijana angali chuoni, wahesabu miaka kwa uwazi, wakubaliane nani atabeba nini mpaka lini. Ndoa haina sababu ya kungojea cheti cha mwisho. Wengi huoa na kuolewa wakiwa katika rezidensi, mradi kila upande umeelezwa ukweli kabla ya posa. Aidha, fani hii mara nyingi ina saa za kazi zinazotabirika kuliko fani nyingi za udaktari, jambo ambalo mama mwenye watoto wadogo atalishukuru. Kinachoumiza ni kijana kulazimishwa kuacha njiani kwa ajili ya shida ya mwaka mmoja, kisha akose nafasi aliyoitamani kwa miaka thelathini ya kazi.

Kwa ndugu zetu waliosomea udaktari nyumbani au nchi nyingine na sasa wako hapa wakifanya kazi nyingine, njia iko, ingawa ni ndefu. Huhitaji kuthibitishiwa vyeti vyao na chombo kiitwacho ECFMG, kufaulu mitihani ya leseni ya USMLE, kisha kupata nafasi ya rezidensi. Baadhi ya feloshipu humpokea daktari wa kigeni ambaye hakufanya rezidensi hapa, lakini asidhani kuwa hiyo ni njia ya mkato. Kwa kawaida cheti cha bodi cha ubingwa bobezi hutanguliwa na kile cha ubingwa wenyewe. Na anayekuja kwa viza ya J-1 ajue kwamba baada ya mafunzo hutakiwa kurudi kwao kwa miaka miwili, ila apate msamaha rasmi. Ni vyema kuuliza mambo haya mapema kwa mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, badala ya kutegemea maneno ya barazani.

MASUALA YA DINI

Wazazi wengine huingiwa na wasiwasi wa kidini juu ya kupasua maiti. Heshima ya maiti katika Uislamu ni jambo zito, nalo linafaa kubaki zito. Wanavyuoni wa zama zetu wamelitazama suala hili, na mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, liliruhusu upasuaji wa maiti kwa haja maalumu: kutafuta sababu ya kifo katika kesi ya jinai, kuyatambua maradhi ili watu wajikinge, na kufundishia utabibu, pamoja na kuchunga mipaka ya heshima na haja. Anayetaka ufafanuzi zaidi na amwendee imamu wake.

Lakini tulitazame jambo hili kwa upande wa pili. Mwislamu anapofariki ghafla katika nchi hii, familia yake humtaka azikwe upesi na mwili wake usikatwe pasipo lazima. Wanaoamua ni maofisa wa uchunguzi wa vifo. Je, si heri kwetu kwamba miongoni mwa madaktari wa kazi hiyo wawemo wanaoelewa kwa nini familia imesimama mlangoni ikisubiri sanda na kaburi?

NYUMBANI WANANGOJEA

Uchunguzi uliochapishwa katika miaka ya 2010 ulionesha kwamba karibu nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa na daktari wa patholojia chini ya mmoja kwa kila watu laki tano. Maana yake mgonjwa hukatwa kipande leo, kisha husubiri majibu kwa wiki nyingi huku uvimbe ukiendelea kukua. Muhimbili, Nairobi na Makerere husomesha mabingwa wao wenyewe, na kazi yao inastahili heshima. Kijana wetu aliyebobea huku anaweza kuwaunga mkono hata bila ya kuhama, kwa kuwa siku hizi picha za vioo hutumwa kwa mtandao, na rai ya pili huweza kutolewa kutoka mbali kwa makubaliano na hospitali husika. Anaweza pia kutumia sehemu ya likizo yake kwenda kufundisha.

Kwa hiyo, wazee wenzangu, mtoto akituambia amechagua hadubini, tusimwonee haya mbele ya wageni. Tumuulize anapenda tawi gani, na kwa nini. Tumuulize mwaka wake wa mwisho utakuwa wapi, utagharimu nini, na nyumba nzima itausaidiaje. Nanyi vijana, msiwafiche wazazi wenu urefu wa njia. Waambieni miaka yote tangu mwanzo, kwani mtu huvumilia asichokipenda akiwa amekijua, na hukasirikia hata kidogo kilichomfikia kwa kushtukiza. Dini yetu imetufundisha kwamba hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila ya dawa. Kazi ya bingwa huyu ni kuutambua ugonjwa huo kwa jina lake, ili dawa ijue pa kwenda.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie sisi wazee subira. Amin.

Wabillahi tawfiq.